Nzi wa Nywele za Mama

Jumamosi moja mchana binti yangu alikuwa amekaa kizingitini akipaka rangi ya kucha, nami niko jikoni nachambua maharage. Harufu ile ilipoingia, mikono yangu ilisimama yenyewe. Kwa watu wengi ni harufu ya saluni na sherehe. Kwangu mimi ni harufu ya baba. Nimeishi hapa Ilomba miaka mingi, Mbeya imeshakuwa kwetu, lakini chupa moja ya rangi ya kucha ikifunguliwa karibu yangu narudi Mufindi papo hapo, kwenye mashamba ya chai na ukungu wake, kwenye meza ya mbao iliyowekwa chini ya dirisha, ambako mwanamume mwenye vidole vinene alikuwa akiinama kupaka rangi ya waridi kwenye kichwa cha nzi mdogo kuliko punje ya hindi.

Baba alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni ya shamba la chai. Alipasua kuni, aliwasha moto wa kuota, alitandika vitanda, na aliwapeleka wageni mtoni kuvua trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi, ana madoa ubavuni kama aliyenyunyiziwa wino, na aliletwa zamani kwenye mito ya kwetu na watu walioanzisha mashamba yale. Sisi tungemvua kwa minyoo, na wala isingetuchukua muda, lakini wageni walikuwa na sheria yao: trauti avuliwe kwa nzi wa bandia tu, nzi wa manyoya na uzi aliyefungwa juu ya ndoana. Nzi wa namna hiyo hawakuuzwa popote karibu na kwetu. Meneja mmoja, kabla hajahama, alimfundisha baba kuwafunga mwenyewe, akamwachia kopo la ndoana ndogondogo. Tangu hapo mgeni akipoteza nzi wake kwenye matawi, alikuja kwa baba.

Vifaa vyake vingemchekesha mtu. Koleo alilibana mdomo kwa mpira wa baiskeli, likashika ndoana bila kuachia. Alikuwa na wembe, kipande cha nta ya nyuki, manyoya ya shingo ya jogoo ndani ya bahasha, manyoya ya kanga, na nyuzi za masweta yaliyochakaa. Rangi ya kucha aliinunua Mafinga sokoni, rangi yoyote aliyoikuta, na muuzaji alikuwa akimuuliza kila mara kama mama watoto anaipenda. Baba hakuwahi kumweleza. Aliniambia ingechukua mchana mzima kumweleza mtu kwamba rangi ile ni ya nzi, na mwishoni asingeamini.

Nilikuwa darasa la pili nilipoanza kukaa naye pale mezani. Alinifundisha kuupitisha uzi kwenye nta, kuuzungusha kwenye ndoana kuanzia karibu na tundu kurudi nyuma, kujenga tumbo kwa sufu, kisha kuzungusha unyoya mmoja shingoni hadi nyuzinyuzi zake zisimame pande zote kama miguu. Mwisho kifundo, na juu ya kifundo tone la rangi ya kucha. Nzi wangu wa kwanza walikuwa kama uchafu uliotoka mfukoni. Baba hakuwasifia. Alimgeuza nzi huku na huku, akanirudishia wembe na kuniambia nifungue nianze upya. Tulikuwa tukitumia maneno hayo mawili siku nzima, kufunga na kufungua, na sikuwahi kuyafikiria.

Shida yangu ilikuwa nywele. Nzi mmoja aliyependwa sana na wageni alihitaji nywele nyeusi, laini, zinazotikisika majini kama miguu ya mdudu aliye hai. Baba alitumia za mkia wa mbuzi, lakini mikononi mwangu nywele za mbuzi zilikuwa ngumu, zilichomoka kila nilipokaza uzi. Sasa, mama alikuwa na nywele laini kuliko mwanamke yeyote pale kambini. Alizichana Jumamosi, akiwa amekaa kwenye kigoda nje, na zile zilizobaki kwenye kitana alizikusanya akazichoma jikoni. Nywele hazitupwi ovyo, alikuwa akisema, na hakuwahi kusema kwa nini. Jumamosi hiyo aliitwa na jirani kabla hajazipeleka motoni. Nikachukua kidonge kile cha nywele nikakitia mfukoni.

Nilifunga nzi wengi baadaye, lakini yule ndiye mzuri kuliko wote. Nywele za mama zilikaa sawasawa kama zilizozaliwa kwa kazi hiyo. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nilimaliza kwa uzi mwekundu. Baba alimwinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema, "Huyu ataogelea." Hakuuliza nywele ni za nini, labda alidhani ni za mbuzi. Sikumwambia. Nilijaa furaha hadi chakula hakikushuka.

Kesho yake, baada ya kanisa, tulishuka wote wawili hadi kwenye kidimbwi kirefu cha mto kilichoko chini ya shamba la chai. Baba alifunga nzi wangu kwenye kamba, akamrusha akatua taratibu karibu na jiwe. Mara ya tatu maji yalipasuka. Nilimwona samaki, mgongo mpana kama mkono wa baba, akageuka mara moja tu, na kamba ikakatika. Baba alicheka. Alisema nimefunga nzi mzuri mno, hata samaki ameona amchukue moja kwa moja. Mimi nililia njia nzima, kwa sababu nzi wangu wa kwanza kusifiwa alikuwa ameondoka akiwa mdomoni mwa samaki.

Siku tatu baadaye mama aliugua.

Watu wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyolelewa. Mama zetu walinenepa, walivaa khanga mbili, na hakuna aliyetuambia kitu. Tukiuliza watoto wanatoka wapi, tuliambiwa wananunuliwa hospitali. Mimi niliamini kwamba mama amenenepa kwa sababu ya viazi. Kwa hiyo asubuhi ile niliposikia akilia chumbani, na baba akaniambia nibaki jikoni, sikuwa na lolote la kunisaidia kuelewa. Lilikuja gari la shamba, wakamwingiza akiwa amefunikwa blanketi, naye baba akapanda nyuma bila kofia. Hakuniaga. Hilo peke yake lilinitisha, maana baba alikuwa mtu wa kuaga hata akienda kuteka maji.

Niliachwa kwa jirani yetu, Mama Skola, mchuma chai, mjane mwenye sauti nzito na rozari shingoni. Jioni wanawake wa kambini walikuja kwake kuuliza habari. Walisalimiana kamwene kwa sauti ya chini, kama msibani. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango namenya viazi. Nikamsikia Mama Skola akiwaambia kwamba pale zahanati wameshindwa, na gari limeendelea na mgonjwa hadi hospitali ya Iringa.

"Ameshindwa kujifungua," alisema. "Tangu alfajiri, ameshindwa kujifungua."

Kisu kilinianguka. Miezi kadhaa nyuma, bombani, niliwasikia wanawake hao hao wakiongea habari za mwanamume wa kambi ya chini aliyegeuka mjinga, haendi kazini, haongei. Amefungwa, walisema. Kuna mtu alichukua nywele zake, akazifunga kwa uzi mwekundu, akazitupa kwenye maji yanayokwenda. Hapo mtu hafunguki tena, walisema, mpaka kifundo kile kipatikane kifunguliwe. Niliposikia habari hizo bombani zilinipitia tu, kama hadithi nyingine za wakubwa. Sasa zilirudi zote, neno kwa neno. Nywele. Uzi mwekundu. Maji yanayokwenda. Nilikuwa nimemfunga mama kwa mikono yangu, tena kwa kifundo ambacho baba alinifundisha ili kisifunguke. Na sasa mama alikuwa Iringa, anajaribu kujifungua, anashindwa.

Sikumwambia mtu. Kesho yake nilipotoka shule sikupita kwa Mama Skola. Nilichukua ufito wa mwanzi wa baba, wembe na nzi wawili, nikashuka mtoni. Nilijua la kufanya: nimpate samaki yule, nimtoe nzi, nikate uzi. Nilirusha hadi mkono ukafa ganzi. Mvua ndogo ya Mufindi, ile isiyo na haraka, ilininyea mgongoni, na sikupata hata wa kunusa. Siku ya pili nilirudi. Safari hii kamba ilivutwa, nikavuta na mimi, nikatupa nyasini trauti asiyezidi kiganja cha mtu mzima. Nilijua si yeye. Hata hivyo nilimpasua, kwa sababu nilifikiri samaki huenda wanapokezana. Tumboni mlikuwa na wadudu weusi na kokoto mbili.

Nikamwona yule mkubwa. Au nilidhani nimemwona. Kivuli kilipita chini ya jiwe, na mimi nikaingia majini nikimfuata. Hatua ya pili haikupata chini. Maji yalinifika kifuani, yalikuwa baridi kiasi kwamba sikuweza hata kupiga kelele, yakaniburuta kidogo mpaka nikashika mizizi ya ukingoni. Ufito ulikwenda. Nilipanda juu kwa magoti na kukaa kwenye matope nikitetemeka. Ndivyo Mama Skola alivyonikuta, akitoka kazini na kapu lake.

Hakunigombeza. Alinivua sweta, akanifunga khanga yake, akaniuliza nilikuwa natafuta nini mtoni siku yenye baridi vile. Nikamwambia kila kitu. Nilipofika kwenye uzi mwekundu, uso wake ulibadilika.

"Nywele za mama yako?" aliuliza. "Una uhakika?"

Nikasema ndiyo. Alitazama maji, kisha akatazama njia, kama anayetaka kuona kama kuna mtu amesikia. Akaniambia nisirudie kusema maneno hayo kwa yeyote. Akanishika mkono tukapanda mlima, na mkono wake mwingine ukawa kwenye rozari. Mama Skola alikuwa mwema kwangu, alinipa uji wa moto na kunilaza kitandani kwake, lakini kama angecheka siku ile angeniokoa. Hakucheka. Mtu mzima aliogopa, na mtoto akimwona mtu mzima ameogopa, jambo limekwisha thibitika.

Baba alirudi mchana wa siku iliyofuata. Lori la chai lilimshusha barabarani, akawa anapanda taratibu, kichwa wazi, ndevu zimeota, shati lile lile. Nilimwona kutoka kwenye mlango wa Mama Skola. Nilitamani kukimbilia kwake na nilitamani kukimbilia chai nijifiche. Nikakimbilia kwake. Na kabla hajafungua kinywa, kwa sababu niliona nikichelewa sitaweza tena, nikamwambia.

"Baba, mimi ndiye niliyemfunga mama."

Hakuelewa. Alichuchumaa akanishika mabega, akaniambia niseme polepole. Nikasema: kidonge cha nywele, uzi mwekundu, samaki aliyeondoka naye, na maneno ya Mama Skola kwamba mama ameshindwa kujifungua. Nilisema nimemtafuta samaki siku mbili nimekosa, na ufito wake nimeupoteza. Baba alikaa chini, pale pale katikati ya njia, kwenye matope.

"Mwanangu," alisema, "unajua kujifungua ni nini?"

Nikasema ni kujitoa mtu akifungwa.

"Ni kuzaa. Mwanamke akizaa mtoto, tunasema amejifungua. Mama yako alikuwa na mtoto tumboni. Mtoto alikaa vibaya, ndiyo maana akashindwa. Madaktari wamemfanyia upasuaji, wamemtoa. Mama mzima. Mtoto mzima. Una mdogo wako wa kiume."

Nakumbuka nilivyomtazama mdomo. Nilikuwa natafuta mahali ambapo ananidanganya, kwa sababu ndiye aliyeniambia watoto wananunuliwa. Nadhani alilijua hilo, maana alirudia mara ya pili, polepole zaidi, kwamba mama mzima. Hofu ikaniachia, nikajikojolea pale nilipo, msichana wa darasa la pili. Baba alijifanya hajaona.

Lakini hofu ya mtoto haiondoki yote kwa maneno. Tulipofika nyumbani nilimuuliza: na zile nywele je, ziko kwa samaki mpaka leo. Angeweza kuniambia niache upuuzi. Alikuwa hajalala, hajala, na alikuja kuchukua nguo za mama na za mtoto tu. Badala yake alikwenda mezani chini ya dirisha, akavuta koleo, akaweka ndoana. Kisha akachukua wembe akakata nywele kichwani mwake, juu ya sikio, akazipanga kati ya vidole.

"Hizi ni zangu," alisema. "Tumia uzi mwekundu. Kaza kama nilivyokufundisha."

Nilikataa. Alisubiri. Nikafunga, na nzi akatoka mbaya, nywele za baba zilikuwa fupi mno. Alimtia rangi ya kucha kama nzi mwingine yeyote, akampulizia akauke, tukashuka naye mtoni. Hapakuwa na ufito tena. Alinipa nzi mkononi, akaniambia nimtupe mwenyewe pale maji yanapokwenda kasi. Nikamtupa. Akazunguka mara mbili kwenye povu, akapotea. Baba akasimama akinawa uso kwa maji yale yale, akajikuna pale alipojinyoa, akasema ana njaa.

Nilimchunguza tangu hapo hadi giza. Alikula ugali na mboga, akaomba mwingine. Aliongea na Mama Skola nje, sikusikia nini, ila niliona Mama Skola akishika mdomo, kisha akicheka kwa aibu, kisha akifuta macho. Alipakia nguo. Hakugeuka mjinga, hakunyamaza, hakuanguka. Nilipolala bado nilikuwa namtazama, na asubuhi alikuwa mzima, ananiamsha kwa jina langu, Yusta, lori linaondoka.

Sikuwahi kufika Iringa kabla ya siku hiyo. Nakumbuka mji ukiwa juu kilimani na mimi nikifikiri lazima mama aliona mbali kutoka huko. Shangazi yangu wa Kalenga, dada wa baba, alitupokea kwenye geti la hospitali na chupa ya chai. Wodini nilisimama mlangoni, nikamtazama mama kwanza kwa mbali. Alikuwa amekonda, ngozi imekuwa kama majivu, na mkononi alikuwa amefungwa bandeji. Nikarudi nyuma. Shangazi akaniambia hapo ndipo walipomwekea maji, wataitoa kesho. Mama akageuza kichwa.

"Njoo hapa," alisema. "Nasikia umenipeleka mtoni."

Baba alikuwa ameshamwambia. Nilikwenda nikaweka uso wangu ubavuni mwake, na alikuwa na joto, alikuwa na harufu yake ya siku zote chini ya harufu ya dawa. Alinishika kichwa. Nilisikia tumbo lake likianza kutikisika kwa kicheko, akalizuia, akasema nisimchekeshe, mshono unauma. Kitoto kilichokuwa pembeni yake, chekundu, kimekunja ngumi, kikaanza kulia kwa hasira. Mama akakitazama, akanitazama.

"Kama kweli unaweza kufunga watu," alisema, "anza na huyu, mfunge mdomo. Sijalala tangu azaliwe."

Shangazi alicheka mpaka muuguzi akaja. Nami nikacheka, kicheko cha kwanza kwa siku tano, kikanitoka kwa kishindo kikubwa hata nikaona aibu.

Mama alibaki na shangazi wiki nzima zaidi. Baba hakuwa na ruhusa ya kukaa, wageni walikuwa wanakuja, kwa hiyo jioni ile ile tulipanda basi la kurudi. Nilikuwa na maswali mengi na niliyapanga kichwani: mtoto anaingiaje, anakaaje, anapumua nini. Tulipopita daraja la chini ya mji nikageuka kumuuliza la kwanza. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mikono imelegea juu ya magoti, na basi lilipokata kona kichwa chake kikaangukia begani kwangu. Kilikuwa kizito. Sikuwahi kumwona baba akilala kabla ya usiku, wala akilala kabla yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zile siku zote, wakati mimi naogopa mtoni, yeye alikuwa anaogopa kwenye benchi la hospitali, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Konda alipofika nilimpa tiketi zetu mwenyewe, nikamwashiria apite kimya. Nikakaza miguu kwenye kiti cha mbele ili nisiyumbe, na nikambeba baba yangu hivyo, mpaka Mafinga.